Picha Moja ya Gunvor

Dada yangu Gunvor aliniomba picha moja tu: Baba akimpeleka madhabahuni kwa miguu yake. Baba yuko kwenye kiti cha magurudumu, na kwa miezi mitatu alikuwa akijizoeza hatua kumi na nne, kutoka jikoni mpaka sebuleni, akituapiza sote tuliothubutu kumshika. Mpiga picha nilikuwa mimi, mwenye kamera ya wiki mbili na kiburi cha miaka arobaini.

Alizitembea zote kumi na nne. Nilipiga picha mpaka mchungaji akanikata jicho. Kwenye karamu, viazi havijafika mezani, nikafungua kamera nijisifie kwa Shangazi Dagny. Haina kadi ya kuhifadhia picha. Kadi nimeiacha nyumbani kwenye kompyuta, na kanisani kote nilikuwa nikibofya hewa. Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi akaniazima kadi yake, iliyojaa picha za mbwa wake. "Futa uzitakazo," akanionya, "ila za Krismasi usiguse."

Nikamwendea Baba. "Baba, huwezi kutembea tena kidogo?"

"Miguu hii ilikuwa na safari moja, na imekwisha. Kwani ulikuwa unaangalia wapi, wewe?"

Ikabaki dansi ya maharusi. Kwetu Jutland, huku Denmark, wageni huwazunguka wakipiga makofi na kusogea, duara likibana mpaka maharusi washindwe kugeuka. Mwenye akili husimama nje ya duara. Mimi nilisimama ndani. Nikabanwa kati ya dada na shemeji Esben, tukacheza watatu, na kila picha niliyopiga ni sikio la Esben.

Kisha wanaume wakaingia na makasi. Desturi ni kumnyanyua bwana harusi na kumkata ncha za soksi, asije akatamani wengine. Wakaninyanyua mimi.

"Jamani, mimi ni kaka wa bibi harusi."

"Wote hujitetea hivyohivyo," akasema Mjomba Viggo, akinivua kiatu.

"Mshikeni vizuri, huyu ana mateke," akaongeza mtu aliyeushika mguu wangu wa kushoto. Alikuwa Esben, bwana harusi mwenyewe.

Nikiwa huko juu, kichwa chini, nikamwona Baba. Alikuwa amesimama. Alikuwa amenyanyuka kitini ili aone mwanawe anavyokatwa soksi, ameng'ang'ania mkono wa Gunvor, wote wawili wanacheka midomo wazi. Nikabofya mara moja.

Mficha uchi hazai. Waliponishusha nilimweleza Gunvor yote, vidole vyangu vya miguu vikichungulia nje, machozi yakinilenga kwa aibu. Akaichukua kamera, akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba polepole juu ya Baba.

"Na Esben yuko wapi?"

"Hayumo."

"Haidhuru," akasema. "Esben nitamwona kila siku."