Hodi Mlangoni pa Chumba cha Mawe

Bi Moza binti Abdulla alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Duka lake la vitenge lilikuwa Kariakoo, upande unaoelekea Gerezani, na mteja aliyechungulia bila kununua alisindikizwa na utani mpaka kona ya mtaa. Lakini tangu mafundi wa umeme wabandue plasta ya stoo ya nyuma, alikuwa akipima kitambaa kimya kimya, na wateja wakadhani anaumwa.

Chini ya plasta palikuwa na mawe ya matumbawe, makongwe kuliko duka, makongwe kuliko mtaa wenyewe, ya enzi ambazo huko kote kulikuwa mashamba ya minazi. Na katika mawe hayo, usawa wa vifundo vya miguu, pete za chuma zilikuwa zimezunguka kuta zote. Mbele ya kila pete sakafu ilikuwa imelika. Moza alivua kiatu akaweka kisigino chake kwenye kishimo kimoja, kikaenea barabara. Akakitoa haraka. Miaka yote hiyo familia yake ilipanga marobota ya nguo juu ya alama za visigino vya watu, na hakuna aliyejua. Au hakuna aliyesema, maana hayo mawili si mamoja.

Kijana mmoja wa idara ya mambo ya kale, Sadalla, alikuja kupiga picha. Alipomaliza alibaki ameshika kamera mkononi, hajui aende au akae.

"Mama, hapa patatambuliwa rasmi," alisema hatimaye. "Tutaweka jiwe ukutani. Litasema watu waliotekwa bara walifungiwa humu kabla ya kupakiwa merikebuni. Maneno yatasomwa siku ya shughuli, halafu ndiyo yachongwe. Nimeacha nafasi ya jina la aliyejenga. Hilo nawaachia nyinyi."

Jina lilijulikana. Lilikuwa Ghassan bin Said, baba wa babu yao, na ndilo lililoandikwa juu ya duka kwa herufi za kijani.

"Dada, usithubutu," alisema Abdulatif, mdogo wake Moza. "Andika 'mfanyabiashara mmoja', yaishe. Hii ni Kariakoo! Kesho nani atanunua kitenge kwetu? Wanangu watapita wapi?"

Moza alimwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa na hofu ile ile, tena kubwa zaidi, kwa sababu ya Evarista. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza la duka tangu wote wawili wakiwa wasichana, mtu wa Masasi, kule bara walikotekwa watu wengi, mwenye mdomo unaoweza kushindana na wa Moza. "Mwarabu wangu, leo umeuza au umetoa macho tu?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Tangu aione ile stoo, Evarista alishona bila utani. Aliuliza jambo moja tu: "Nilete watu wetu siku hiyo?"

"Walete," Moza alijibu. Kisha akamwambia Sadalla aandike mfanyabiashara mmoja.

Siku ya shughuli akafanya anachokijua. Alitandika mikeka ndani ya chumba cha mawe, akafukiza udi, akapanga halua na kahawa, kisha akasimama humo humo kupokea wageni, kama walivyopokea wageni watu wa nyumba yake siku zote.

Evarista akaja na watu wake, Waislamu kwa Wakristo, wamevua viatu kabisa. Walipofika kwenye mlango wa chumba, uliofungukia mtaa wa nyuma, walisimama. Sadalla akawaonyesha kwa mkono wapite.

"Hapana, baba," Evarista alisema. "Ukoo wetu hauingii walipoteseka watu wake bila hodi. Na hatuingii mpaka tuitikiwe na waliomo."

Akainua sauti. "Hodi!"

Moza akafumbua kinywa aseme karibuni, neno alilolisema maisha yake yote bila kufikiri. Halikutoka. Wageni walikuwa nje, pete zilikuwa miguuni pake, na yeye alikuwa amesimama pale pale aliposimama mwenye funguo. Akaona aibu, na juu ya aibu hiyo woga wa ajabu, kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Waliopigiwa hodi walikuwa wengine, na alihisi wamejaa chumba kizima.

Akatoka. Abdulatif akamshika mkono, Moza akajinasua. Alisimama kando ya Evarista, akaugeukia ule mlango, na mtaa mzima ukamsikia.

"Hodi! Mimi ni Moza binti Abdulla, kitukuu cha Ghassan bin Said, aliyewafungia humu. Hodi!"

Sadalla akatoa kalamu, akakata 'mfanyabiashara mmoja', akaandika lile jina. Wachukuzi waliokuwa wakipita na mikokoteni wakasimama, mmoja akavua kofia. Moza hakuwahi kuisikia Kariakoo ikinyamaza namna ile. Chumba nacho kilinyamaza.

"Hawajatuitikia," Evarista alisema taratibu.

"Tufanyeje?"

"Tukae."

Wakakaa chini, na Moza akakaa nao kwenye vumbi, nje ya nyumba yake mwenyewe, akisubiri kukaribishwa.