Viatu vya Jumamosi

Alikuwa amepiga magoti kati ya safu ya sita na ya saba, akibandua chingamu chini ya kiti kwa kisu butu, meneja alipotangaza kwamba mtu wa mlangoni atapatikana leo hiihii.

Jumba la sinema lilikuwa limefungwa miaka mingi, na sasa lilikuwa linafunguliwa tena kwa onyesho la watoto, Jumamosi saa nane mchana, kama zamani. Yeye alikuwa kibarua wa usafi. Alilipwa kwa siku, na siku ya kuugua ilikuwa hasara yake mwenyewe. Kazi ya mlangoni ilikuwa ya kudumu, yenye sare na kadi ya hospitali. Sharti lilikuwa moja tu: awe mtu aliyekuwa akija sinema hapa utotoni, ili awasimulie wageni mambo ya zamani.

Tetesi za kazi hiyo alikuwa ameshazisikia, akaiombea alfajiri ile, kabla hata ya kunawa uso. Kisha akamwomba kaka yake aje kumshuhudia. Kaka alikuwa hana kazi tangu gereji ifungwe.

Meneja alifungua fomu, akamuuliza alikuwa akikaa safu ya ngapi.

Mtu aliyetoka kusali hawezi kuanza siku kwa uongo. "Nilikuwa nasimama nje, bosi. Ukuta wa nyuma, penye bomba la maji ya mvua. Filamu zote nilizisikia pale. Kaka yangu huyu anajua."

Meneja alicheka, wala si kwa ubaya. "Nje hakuna kumbukumbu, mama." Akamgeukia kaka. "Na wewe, mzee?"

Kaka akakohoa, akaweka kola yake sawa. "Safu ya tatu, bosi. Kila Jumamosi, bila kukosa."

Akaanza kumwaga simulizi. Pazia lilivyofunguka kwa kukwama, mzee wa tochi aliyewafinya masikio wenye kelele, watoto walivyopiga miguu sakafuni mkanda ulipokatika. Meneja aliacha kuandika, akabaki mdomo wazi. Haikupita robo saa, sare ilikuwa mabegani mwa kaka.

"Mdogo wangu, usininunie," alimwambia kwenye korido. "Miaka miwili nashinda nyumbani. Nimeulizwa, nimejibu. Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema habari ya viatu."

Kaka akafunga vifungo vya sare.

Kwao kulikuwa na jozi moja ya raba kwa watoto wawili, na mtoto peku hakuruhusiwa kuingia sinema. Mama alisema wapokezane, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Lakini mkubwa ni mkubwa. Kila zamu ya mdogo ilipofika, kaka alikuwa ameshazivaa na kufunga kamba. Yeye alimfuata peku, akasimama nyuma ya jumba, sikio ukutani, akisikiliza farasi wakikimbia na watoto mia tatu wakicheka kitu asichokiona. Njiani kurudi aliomba asimuliwe. Kaka hakutoa bure: kwa mwanzo wa filamu, mdogo amchotee ndoo mbili za maji za zamu yake kaka; kwa mwisho, ndoo nne. Wiki ambayo mikono ilimchoka alilala bila kujua kama yule mtu aliyening'inia jabalini alipona. Raba zilipasuka kabla zamu yake haijafika.

Wivu ule ulikuwa umemkaa kooni miaka arobaini kama mwiba wa samaki. Alisugua vyoo huku akisali: Ee Mungu, niondolee kijicho, huyu ni ndugu yangu, wanawe ni wanangu. Sala ilifika darini ikarudi.

Saa nane watoto wakajaa. Meneja alimfundisha kaka kanuni: mlango ukishafungwa, asimame nje, uso barabarani, mpaka filamu iishe. Bango jipya lilisema asiye na viatu haingii. Vibarua wangojee stoo na mafagio yao.

Alikaa stoo mpaka aliposikia kicheko cha kwanza. Akatoka, akaenda mlangoni, akavua malapa yake ya plastiki, akayapanga kando ya viatu vya kaka.

"Mdogo wangu, kanuni hiyo..."

"Basi nizuie."

Kaka aliitazama miguu ya mdogo wake, visigino vilivyopasuka kwa maji ya dawa. Halafu akatazama barabarani.

Yeye akaingia peku, akaketi safu ya tatu. Zulia alikuwa amelifua mara tatu wiki ile, ila nyayo zake hazikuwa zimeligusa. Alilijua kwa magoti tu. Watoto walipocheka, naye alicheka, kwa kuwa safari hii alikiona.

Taa zilipowaka, meneja alikuwa amesimama mwisho wa safu. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba siku ya leo haitalipwa, na Jumatatu asije. Kibarua hakai kitini.

Nje, kaka alikuwa ameyashika malapa yake mkononi, yasije yakaibwa. Alimpa bila kumtazama usoni.

"Nimesikia wanacheka muda wote," alisema taratibu. "Walikuwa wanacheka nini?"

Alivaa lapa moja, kisha la pili.

"Ndoo nne," akasema, akashuka ngazi.