Sauti ya Mama Nyuma ya Kochi

...nyuma ya kochi, mwenzangu, nyuma! Si kwenye tivii, si kwenye spika ya katikati. Marehemu Mama yetu, ambaye hajasikika humu ndani tangu mdogo wangu Kitinda hajaanza kutembea, kaongea nyuma ya vichwa vyetu mchana kweupe.

Ngoja nivute pumzi, nianze vizuri.

Unajua tuna mkanda mmoja tu wenye Mama, wa harusi ya mjomba. Mama kasimama na maikrofoni anampa wifi yake maneno mawili matatu, midomo inakwenda, sauti haipo. Unasikia viti vinaburuzwa, mtoto wa watu analia, basi. Halafu ukumbi mzima unacheka na kugeuka kumtazama mtu ambaye kamera haimwonyeshi. Huyu Kitinda amekua akiulizia hicho kicheko. Amemuuliza Baba mpaka kachoka. Na Baba, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa fundi wa vyombo, jibu lake ni moja: mkanda ni mbovu, na walichocheka hakikumbuki. Akishasema hivyo anatafuta kazi ya kwenda kufanya nje.

Mimi sauti ya Mama ninayo kwa mbali, kama harufu ya nguo. Kitinda hana kitu. Siku hizi akiutazama huo mkanda anasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

Sasa leo mjomba, kwa kuwa anahama, katuletea hom thieta yake: spika tano, sabufa, na amplifaya yenye rimoti iliyojaa vitufe kama chunusi. Mimi na chuo changu kichwani nikajitwika ufundi. Nikamweleza Kitinda kwamba hii ya katikati ni ya maongezi, hizi mbili za mbele ni kushoto na kulia, na zile za nyuma ni za mvua, helikopta na vitu vya kukushtua. Akasema nimeanza kuongea kama tangazo. Yeye alitaka mkanda wa harusi tu, ambao tulishauhamishia kwenye flashi. Nikauweka, nikabonyeza kile kitufe cha sauti ya kuzunguka, nijaribu tu kama za nyuma zinafanya kazi.

Ndipo Mama akaongea.

Nilielewa palepale. Waya wa ile maikrofoni uliungwa kinyume upande mmoja. Sauti ya Mama iliingia kushoto ikisukuma, kulia ikivuta. Tivii yetu ina spika moja, na pande hizo mbili zikikutana humo zinafutana, kimya. Simu zetu vilevile. Ila hii mashine ikikuta kushoto na kulia zinapingana hivyo, inadhani ni sauti ya nyuma, inaitupa huko. Miaka yote hiyo Mama alikuwemo.

Nikageuka nimkumbatie mdogo wangu. Kakauka, macho kayakaza mdomoni kwangu.

"Dada, hiyo ni sauti yako," akasema. "Umeitengeneza na kompyuta."

Nikacheka, nikadhani utani. Haukuwa utani. Na ukisikiliza kweli ni mimi mtupu, mpaka ile ya kumalizia maneno puani. Nikamweleza kusukuma na kuvuta, nikachora mawimbi ubavuni mwa boksi, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Akaniambia amemsubiri Mama maisha yake yote halafu mimi namfanyia mchezo. Hakulia, bora angelia. Alichukua rimoti akazima, nami nikaona wazi kwamba akiondoka pale na hiyo imani, sauti ya Mama hataitaka tena hata akiletewa mkononi.

Baba alikuwa mlangoni. Mkononi ana kandambili aliyokuwa akiitengeneza nje, na sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Akamwambia Kitinda, taratibu, awashe, arudishe nyuma kidogo. Kitinda akawasha kwa hasira.

Mama akasema kaka yake anakoroma kama jenereta, wifi ajiandae. Akavuta pumzi aendelee. Na Baba, macho kwenye kandambili, akamtangulia:

"Sauti ikikatika msinilaumu mimi, mlaumuni yule pale mwenye nyaya shingoni. Ndiye niliyepewa, na nimeomba kubadilishiwa nikakataliwa."

Nyuma ya kochi Mama akayarudia, neno kwa neno. Ukumbi ukacheka, ukageuka.

Kwetu hakuna aliyecheka. Baba akasema ule waya aliuunga yeye, kwa haraka, na mkanda ulipotoka bubu akajua ni mkono wake. Alidhani amemfuta. Angetuambiaje hilo, akauliza.

Kitinda alipanda kochi, akashukia upande wa pili, akakaa sakafuni, tivii kaipa mgongo, sikio kalibandika kwenye spika. Tangu hapo anarudisha palepale, palepale. Hajamtazama Baba, wala mimi. Baba naye kakaa chini, si karibu sana. Na sasa hivi namsikia Kitinda anamuuliza kitu kwa sauti ya chini, sijui kama ni ugomvi.

Acha niende, nisije nikakosa. Kesho nitakuambia kamuuliza nini, na kama Baba kajibu au katoka tena nje.