Mkwaruzo Haungoji

Walimwita Cheche, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Kutulia hakujui. Akila anasimama, akisimama anatikisa mguu, na akilala anageukageuka mpaka dadake, aliyempa godoro sebuleni, anauliza kutoka chumbani kama kuna vita.

Kazi yake ilikuwa kuosha vioo kwenye karakana iliyokata na kuuza vioo. Ukiingia karakana ile, mtu wa kwanza kumwona alikuwa yeye: gazeti kuukuu mkononi, ndoo ya maji ya siki miguuni, anasugua bamba la kioo refu kuliko kimo chake. Akimaliza, analibeba na mwenzake, wanaliegemeza ukutani, wanashika jingine. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kumtoa nyumbani asubuhi na kumrudisha jioni, basi.

Lakini macho yake yalikuwa kwenye meza. Ilikuwa meza pana iliyotandikwa zulia lililochakaa, na mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kulaza kioo juu yake na kukikata: Fundi Almasi. Mzee huyo alichovya kalamu yake ya kukatia kwenye mafuta ya taa, akaivuta mara moja kutoka ukingo hadi ukingo, krrrrr, kisha akabonyeza pembeni mwa mkwaruzo. Kioo kikatii. Kila mara Cheche aliposikia sauti ile, gazeti lilisimama mkononi.

Sasa bega la Fundi Almasi lilikuwa limeanza kumgomea. Mwenye karakana, mwanamke aliyeitwa na wote Mama Vioo, akatangaza kwamba mwisho wa mwezi meza itapata mtu mpya, naye atatoka kwa waoshaji wake wawili: ama Cheche, ama mwenzake Mpole, kijana aliyefanya kila kitu polepole, hata kupiga chafya.

Jioni ile Cheche aliipeleka habari nyumbani kama mtu aliyebeba keki. Mume wa dadake, dereva wa lori, hakuionja.

"Shemeji, sikiliza. Ghalani kwetu wanataka mtu wa getini. Mshahara mara mbili ya huo wako. Kiti wanakupa, mwavuli wanakupa. Kazi ni kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa, na kufungua geti lori likija."

"Na lori lisipokuja?"

"Unakaa zaidi."

Dadake alicheka mpaka akashika tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa la kushikwa, maana siku zake zilikuwa zimekaribia.

"Cheka tu," mumewe akasema. "Huyo akizaliwa, sebule ni yake na nepi zake. Nduguyo atataka chumba cha kupanga, na chumba hakilipiwi kwa maji ya siki."

Hilo lilikuwa neno, na Cheche alilijua. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Nikiipata meza, nabaki. Nikiikosa, nipeleke getini."

Mwezi ni mrefu kwa mtu asiyejua kungoja. Mchana mmoja Fundi Almasi alikwenda kula, akaacha mezani kioo cha kinyozi kimeshapimwa, na kalamu ubavuni. Cheche akatazama mlango. Akatazama kalamu. Mkono ukamtangulia. Alivuta, na sauti ikatoka vizuri, nyembamba, isiyokatika. Angeishia hapo! Lakini wasiwasi ukamwambia mkwaruzo ni mwepesi mno, akairudisha kalamu juu ya mstari uleule. Ufa ukaruka kama radi, ukakipasua kioo mshazari.

Mama Vioo alitoka ofisini. "Nani?"

"Mimi."

"Najua ni wewe. Nimeuliza kwa adabu tu." Aliokota kipande, akakigeuza, akakirudisha. "Rudi kwenye ndoo. Mkono wako ukigusa zulia hili tena, mguu wako utagusa barabara. Mpole! Kuanzia kesho utakata wewe, Fundi akuelekeze."

Cheche akarudi kwenye ndoo na uso umemwiva. Jioni alimkuta Fundi Almasi nyuma ya karakana, kwenye pipa la vipande vilivyovunjika, vya madirisha na vya kujitazamia, amekaa akijikanda bega.

"Nilivuta vizuri, Fundi."

"Mara ya kwanza ulivuta vizuri. Mara ya pili ulikuwa unavuta woga." Mzee akatoa mfukoni kalamu ya zamani, mpini umefungwa uzi. "Mama amekukataza meza. Pipa hajalitaja."

Tangu hapo, kila kazi ilipokwisha, Cheche alikata vipande vya pipani juu ya gunia. Alijikata, akafunga kitambaa, akaendelea. Nyumbani alikata hewa kwa kidole mpaka dadake akamwomba amwonee huruma mtoto tumboni. Siku moja alikwaruza kipande, akaitwa kubeba bamba, akarudi, akakibonyeza. Kikapasuka kivyake, mbali na mstari.

"Hiki nacho sikurudia!" akafoka.

"Hukurudia, ulichelewa," Fundi Almasi akamwambia. "Kioo ukikikwaruza kimekasirika. Kipasue kingali na hasira zake. Ukikiacha kinasamehe, na kioo kilichosamehe hakifuati mstari wa mtu."

Cheche alicheka kwa mara ya kwanza tangu kioo cha kinyozi. Hasira? Hiyo alikuwa nayo tele, ya kukopesha jirani.

Mwisho wa mwezi ulipobisha hodi, alikuja mwenye duka la dawa kutaka kioo kikubwa cha mbele ya duka lake. Kioo kinene cha namna ile yalikuwapo mabamba mawili tu. Mteja akaketi kwenye benchi kungoja. Mpole akalaza la kwanza, akachovya kalamu, akavuta. Krrrrr! Mkwaruzo ulinyooka kama uzi. Kisha akaweka kalamu chini, akafuta jasho, akachukua rula apime tena.

"Pasua!" Cheche akapiga kelele kutoka kwenye ndoo.

"Ngoja, nahakikisha."

"Pasua, ndugu yangu, kitapoa!"

Mpole akapima upande wa pili pia, ndipo akabonyeza. Ufa ulianza mstarini, ukafika kati, ukakata kona na kwenda zake.

Mama Vioo akamtazama Fundi Almasi. Mzee akainua mkono. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma.

"Nipe mimi," Cheche akasema.

"Wewe? Wa kinyozi?"

"Huyohuyo. Kile nilikirudia. Sirudii tena."

Mama Vioo alimtazama mteja, ambaye alikuwa ameshasimama na kutafuta funguo zake. "Likivunjika," akasema kwa sauti ya chini, "usipoteze muda kuaga."

Walilaza bamba la pili. Cheche akachovya, akashusha pumzi, akavuta. Ule wasiwasi wa zamani ulimjia palepale, mtamu kama mwasho: rudia kidogo, hapo katikati. Akaitupa kalamu sakafuni, na kabla haijatua alikuwa amebonyeza.

Ta!

Bamba likafunguka pande mbili, kingo zake zimenyooka mwanzo hadi mwisho. Mpole ndiye aliyepumua wa kwanza. "Ichukue meza hiyo, kaka," akasema. "Mimi ilikuwa inaninyima usingizi."

"Meza ni yako," Mama Vioo akasema baada ya mteja kuondoka. "Mshahara uleule mpaka mwaka uishe. Bado unajifunza."

Cheche alihisi geti la ghala likifunguka mbele yake. Mshahara mara mbili, kiti, mwavuli. Mguu ukaanza kutikisika.

"Basi nipe vipande vya pipani," akasema. "Nitavikata vioo vya kujitazamia, baada ya saa za kazi. Nitakachouza ni changu."

"Takataka zile?"

"Hizohizo."

Mama Vioo akacheka kwa nguvu. "Haya, chukua. Utanipunguzia kazi ya kuzitupa."

Jioni aliingia nyumbani na mzigo uliofungwa kwa gunia, akaushusha katikati ya sebule. Dadake akachomoa kioo kimoja, akajitazama mashavu, akakiweka chini ya kanga yake. "Hiki sirudishi. Mwaka mzima najitazama kwenye sufuria."

"Mshahara umepanda?" shemeji akauliza.

"Haujapanda."

"Na chumba?"

"Vioo hivi ndivyo vitakavyolipa chumba."

"Visipolipa?"

"Nitalala karakanani."

Dereva akatikisa kichwa, akavua viatu. "Na wale wa getini niwaambie nini?"

Cheche alikuwa ameshapiga magoti, anasugua kingo za kioo kwa jiwe, hakuinua macho.

"Waambie wamtafute mtu mwingine. Na wewe, shemeji, inua mguu, umekanyaga mali."