Bei ya Kuita Mama

Mama Fundi alikuwa amebakiza mkono mmoja wa sare ya shule pale binti yake alipochungulia kibandani.

"Mama, twende. Kesi ni saa tatu."

Akaacha sindano imesimama katikati ya mshono, akafunga kibanda.

Mwanawe wa kiume alikwenda nchi za mbali kutafuta kazi, na huu ulikuwa mwaka wa tano hajapiga simu. Kwa hiyo siku namba ngeni ilipoita na kijana akasema, "Mama, ni mimi," hakuuliza wewe nani. Mama gani amuulize mwanawe swali hilo? Jina la utotoni la mwanawe alilitaja Mama Fundi mwenyewe, tena kwa machozi, na kijana akalidaka. Wiki tatu nzima alipiga kila jioni kumuuliza kama amekula. Ndipo akasema anaumwa, amelazwa, anahitaji hela za upasuaji. Mama Fundi akauza cherehani yake ya pili, akatuma hela zote; polisi walipomkamata kijana ndipo akajua hakuwa mwanawe.

Mahakamani mambo yalikwenda chapuchapu. Kijana, shati limenyooka kwa pasi, alikiri kosa. Hakimu akasoma faini, au jela miezi sita. Kijana hata hakupepesa macho. Alikwenda dirishani kwa karani, akatoa simu, akabonyeza mara tano sita, na risiti ikatoka.

"Na cherehani yangu?" Mama Fundi alimuuliza karani.

"Faini ni ya serikali, mama. Hela zako ufungue kesi nyingine, ya madai."

"Na huyu si atarudia?"

Karani alicheka, wala si kwa ubaya. "Hii risiti ya tatu namwandikia. Huyu mteja wetu."

Kwenye korido walimkuta kijana ameegemea ukuta, simu sikioni, sauti ameilainisha. "Ndiyo, mama, ni mimi. Nimekukumbuka mno."

Mama Fundi alisimama papo hapo. Alijua kila kitu, risiti ameiona kwa macho yake, lakini moyo ulimruka vilevile. Na kabla hajamwonea huruma yule mama wa upande wa pili, alimwonea wivu. Tangu kijana akamatwe jioni zilikuwa ndefu, na aliona haya kukiri kwamba simu ile, hata ya uongo, alikuwa akiitamani.

Kisha akamsogelea kijana mpaka usawa wa simu.

"Mama, kata! Si mwanao huyo! Kata simu!"

Korido nzima iligeuka. Kijana alifunika simu kwa kiganja. Askari wa mlangoni alikuja mbio, akamshika Mama Fundi mkono.

"Mama, hapa ni mahakamani. Ukipiga kelele unatozwa faini."

"Mama, tuondoke, nakuomba," binti yake alinong'ona.

Mama Fundi alishafungua mkoba.

"Kiasi gani?" alimuuliza askari. "Niambie mapema, maana bado sijamaliza."