Boti ya Kamati Ilivyovuta Kushoto

Asubuhi moja ya Jumanne, bandarini Mutsamudu, fundi Ridjali alipiga magoti nyuma ya boti ya Kamati, ncha ya bisibisi ameigusisha injini ya kushoto, mpini ameuweka sikioni. Boti hiyo ya kasi ilikuwa ya Mfaransa mmoja wa mashamba ya mlangilangi. Uhuru ulipokuja aliiacha, Kamati ya vijana iliyopewa kuutawala mji ikaitwaa. Ilikuwa na injini mbili pacha, lakini tangu mwezi uliopita ya kushoto ilizunguka polepole kuliko mwenzake, na boti ikawa inavuta kushoto kama punda aliyeona majani.

"Kuna mtu kaihujumu," alisema Inzoudine, mwenyekiti wa Kamati, kijana aliyepewa muhuri mwaka ule ofisi zote zilipofungwa. "Nataka jina lake."

"Nitafute ubovu kwanza, ndugu mwenyekiti."

Ridjali hakupenda kusema mengi mbele ya mtu huyo. Nahodha wa boti alikuwa Djoumoi, mume wa dada yake, Zaitoun. Mwezi uliopita Djoumoi na Inzoudine waliondoka Moroni wawili, akafika Mutsamudu mmoja. Inzoudine alieleza kuwa nahodha ameasi: ameruka kwenye mtumbwi wa wavuvi akakimbilia kisiwa cha Maore kwa Wafaransa. Mtumbwi wenyewe hakuna mvuvi aliyeuona. Lakini mwaka ule watu hawakuuliza. Vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, watu wakipishana lazima mmoja ageukie ukuta, na siku hizo kila mtu aligeukia ukuta.

Mume aliyekimbia haachi mjane. Ndiyo maana Zaitoun hakukaa eda, wala Djoumoi hakusomewa hitima, kwa kuwa hitima ilitaka ruhusa ya Kamati na Kamati haikuruhusu hitima ya msaliti. Zaitoun aliishi kwenye nyumba aliyojengewa na ndugu zake kama ilivyo desturi, si mke, si mjane, na jambo hilo lilimchoma kuliko kifo chenyewe. Kwa watu wa kisiwa hicho cha Ndzuani, mwanamke akikwama, anayetazamwa ni kaka yake.

Ridjali alifanya kazi kwa njia yake ya siku zote. Alichukua kitu cha kushoto akakipeleka kulia, cha kulia akakileta kushoto, kisha akaenda majini kutazama kama ubovu umehama nacho. Alihamisha plagi. Alihamisha saa za kupimia mizunguko ya injini, maana saa nazo husema uongo. Alihamisha propela, chujio la mafuta, mwishowe kabureta nzima. Injini ya kushoto ikabaki goigoi vilevile. Kitu ambacho hakuwa amekihamisha ni watu.

Jumatano Inzoudine alikuwa mkutanoni. Ridjali akaitoa boti peke yake hadi nje ya bandari, na injini zote mbili zikalia sauti moja. Alifurahi, kisha furaha ikamkauka, kwa sababu alikwisha kuanza kuelewa. Alhamisi alimwomba mwenyekiti apande. Kushoto ikashuka. Akamwomba ashuke, ikapanda. Alipopanda tena Ridjali aligeuka nyuma, akamwona Djoumoi ameketi juu ya injini ya kushoto na shati lake la kazi, anachuruzika maji, kisogo kimepasuka.

"Salamu aleikum, shemeji," alisema Ridjali.

Djoumoi aliitikia kwa kichwa. Mpagazi mmoja, Salimou, alimwomba ainue mguu apate kupitisha kamba, naye akauinua.

Inzoudine alimtazama Djoumoi, kisha akaitazama saa ya mizunguko. "Kumbe ni uzito. Si hujuma."

"Ni uzito," alisema Ridjali. "Usipokuwemo wewe, naye hayumo."

Inzoudine alivua miwani yake myeusi, akaifuta, akaivaa. "Nimekuuliza habari za injini, fundi. Jumamosi nawapeleka wageni Moroni. Nataka zizunguke sawa, na mimi nikiwemo."

Habari haikai mfukoni. Ijumaa baada ya swala Zaitoun alishuka bandarini amejitanda shiromani yake, akamkuta Inzoudine ndani ya boti na mumewe nyuma yake. Alifurahi kumwona, na furaha hiyo ikamuuma.

"Mwenyekiti," alisema, "mume wangu amekufa, kila mtu anamwona. Nipe ruhusa nikae eda, asomewe hitima."

"Injini kwanza, bi Zaitoun. Zikienda sawa tutazungumza."

Ridjali alilichukua neno hilo kama ahadi. Kwao kaka hupatanisha kwa kutoa kitu, na yeye hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Injini ya kushoto haikuweza kupanda, basi akaishusha ya kulia: akafupisha mvuto wa waya wake wa kuongezea mafuta hata ikashindwa kumpita mwenzake. Jumamosi asubuhi waliijaribu, Inzoudine mbele kwenye usukani, Djoumoi nyuma, na injini zikalia sauti moja. Boti ilikwenda taratibu, imenyooka.

"Kazi nzuri," alisema Inzoudine waliporudi gatini kupakia wageni.

"Na eda ya dada yangu?"

"Eda ya nini? Nilisema ameasi, nimekosea, nitamfutia kosa hilo. Amerudi. Mtu anayekuja kazini, mkewe hakai eda."

Waliokuwa gatini waliitikia kwa vichwa. Hoja ilikuwa na mantiki yake, na mwenye muhuri alikuwa yeye.

Zaitoun, aliyekuwa miongoni mwao, alingoja mpaka boti ikapita mwisho wa gati. Hakupandisha sauti.

"Kaka," alisema, "kila mtu aliyepanda boti ile angeuliza kwa nini inavuta kushoto. Tulikuwa na shahidi mmoja tu, ubovu huo. Umemtengeneza."

Ridjali alitaka kusema kwamba alifanya kwa ajili yake. Aliona aibu, akazikusanya spana zake.

Boti ilifika Moroni imechelewa. Wageni walisifu ulaini wa safari, wakamshukuru mwenyekiti, wakashuka mbele ya msikiti mkuu. Mmoja wao, alipoona mtu ameketi tu nyuma pale, alimrushia kamba aifunge boti. Djoumoi akaifunga.