Miti Iliyofuata Wenyewe

Kila asubuhi kabla ya chai, Laurian, bwana miti wa Bukiriro, alipita kijijini na sepeto kukusanya miti ya mivumu iliyokuwa imeteremka usiku. Mmoja aliukuta umeziba mlango wa jiko, mwingine umesimama katikati ya barabara, mizizi ikiwa bado na udongo wa kilimani. Midogo aliipakia kwenye toroli, mikubwa aliifunga kamba ikakokotwa na ng'ombe wa kijiji, akaenda kuipanda upya. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya: kurudisha miti ya asili kwenye mahame, kule walikoondolewa watu mwaka wa operesheni ya vijiji, nyumba zikachomwa wasije wakarudi.

Hakuna aliyeshangaa. Kwa watu wa kilima kile, mtoto akizaliwa kondo lake la nyuma lilizikwa, na juu yake ukachomekwa mche wa mvumu. Mti ulikuwa wa mtu. Mtu akihamishwa, ungebaki kule umfanyie nani kivuli? Waliopanga operesheni walifikiria watu na mbuzi, miti wakaisahau.

"Shikamoo, mama Koleta. Nimeufuata mti wa mwanao Nyandwi."

"Marahaba, bwana miti. Unajichosha bure tu. Waniruhusu nirudi kule kwetu na mwanangu, utatulia wenyewe."

Laurian alikwisha kumwuliza mwenyekiti wa kijiji, ndugu Celestini. Alijibiwa kuwa mahame ni ya miti, watu marufuku.

Mwishoni mwa mwaka sabini na nane, lori lilikuja kuchukua vijana wa mgambo kwenda vitani. Nyandwi, mtoto pekee wa Koleta aliyekuwa mjane, alipanda. Kesho yake mvumu wake haukuwa mlangoni wala kilimani. Watu wa Runazi waliuona ukielekea kaskazini kandokando ya barabara, ukiyapisha magari ya jeshi.

Ulirudi mwaka uliofuata, watu wakipalilia maharage. Majani yalikuwa yamepukutika na gome limeungua upande mmoja. Ulipita mbele ya mlango wa Koleta bila kusimama, ukapanda hadi mahameni, ukajichimbia kando ya kaburi la baba yake Nyandwi. Koleta aliweka jembe chini, akaenda kunyoa nywele kama mfiwa. Hakuna aliyemletea habari nyingine.

Jioni alikwenda kwa mwenyekiti.

"Ndugu mwenyekiti, niruhusu nikakae msiba pale kwa mwanangu. Siku mbili tu."

"Pole sana, mama. Lakini ukipanda kilimani wewe, wote watapanda."

Laurian alikuwepo, na alijua kuwa hapo mtu hulia. Akaenda kumwagilia miche.

Kiangazi kilipokwisha, bwana misitu wa wilaya alikuja na Landrova kukagua. Kilima kizima kilikuwa mashimo matupu, isipokuwa pale kaburini, ambapo mvumu mmoja ulikuwa umetoa majani mapya. Aliutikisa shina. Haukusogea.

"Huu umeshika kwelikweli," alisema. "Umefanyaje?"

"Mwenyewe amefia vitani, mzee."

Bwana misitu aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akampa mkono wa pongezi, akamwagiza afanye hivyohivyo na miti iliyobaki. Laurian alisema sawa, mzee, akateremka kijijini kwenda kuikusanya.